Mashine Iliyopima Maji Yaliyopita

Majina sitaandika. Kwa libongo yetu, bandari ndogo ya boti za mbao hapa Kisangani, kila mutu anayajua. Lakini wenye makosa nitawataja kwa kazi zao. Wa kwanza ni profesa wa chuo kikuu, mwenye kufundisha biashara na mambo ya mashine mpya. Wa pili ni mama mwenye boti. Wa tatu ni bwana wa ofisi ya boti, aliyegonga muhuri bila kuinuka kwenye kiti. Wa nne ni mimi, fundi wa moteri, niliyeishia darasa la nne. Na aliyelipishwa hayuko kati ya hao wanne. Ni bokilo wangu, yaani shemeji, kaka mukubwa wa muke wangu, na yeye aliniita bokilo vile vile. Walimunyang'anya kitabu cha kazi, na bila kitabu hicho hakuna boti inaweza kumupandisha. Mutu wa muto aliyekatazwa muto, anabaki na nini?

Bokilo ni mupima-maji. Watu wake ni watu wa Yanonge, wanazaliwa na maji kwenye masikio. Boti ikishuka, yeye anasimama mbele kabisa na muti murefu uliopakwa nyekundu na nyeupe. Anauchoma ndani ya maji, anautoa, anauchoma tena, na ile rangi inamuonyesha kina. Moteri inapiga kelele huku nyuma, sauti yake haiwezi kufika, basi anasema na mukono. Kiganja wazi: maji yako mengi, endesha. Ngumi: punguza, hatari. Na kuna sheria moja pale mutoni ambayo hakuna serikali iliiandika. Muti ukiwa ndani ya maji, mwenye kushika moteri hamusikilizi mwenye boti, wala komanda, wala padri. Anaangalia ule mukono tu. Mimi ni mutoto wa watu wa Maniema, baba yangu alikuja huku kutafuta maisha na baiskeli. Muto nilifundishwa ukubwani, na aliyenifundisha ni bokilo. Sheria hiyo ndiyo aliniambia kabla hata ya kunipa dada yake.

Sasa huyo profesa.

Alipofika kwangu mara ya kwanza hakuwa profesa. Alikuwa asista, mufundishaji mudogo wa chuo, mwembamba kama waya, viatu na vumbi, kaye yake ya kuandikia ndani ya mufuko wa plastiki. Wakati ule nilikuwa nimetoa moteri ya mashine ya kukoboa mupunga nikaifunga ndani ya boti. Elisi yake, yaani pangaboi la kusukuma maji, niliimwaga mwenyewe kwa kuyeyusha sufuria za zamani. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya bidoni ya mafuta akaniuliza:

"Fundi, kwa nini hii moteri, si ile nzuri ya Wajapani?"

"Kwa sababu hii ikikufa naweza kuifufua. Ile ya Wajapani ikikufa, unaita padri."

Akaandika. Halafu akauliza neno ambalo sijasahau mpaka leo: "Kitu kipya kikiingia, nani anatoka?"

Sikuelewa. Akaonyesha na kalamu ile boti yangu. "Zamani hapa walikaa wapiga-kasia. Wako wapi?"

Kweli, sikuwa nimewaza. Mmoja alikuwa anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni, mwingine alirudi shambani kwao Opala, wa tatu hakuna aliyejua. Asista aliwatafuta. Yule wa makala alikaa naye siku nzima, akatoka na mikono nyeusi. Kwa jambo hilo nilimupenda, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, hata kama leo nikimuona njiani ninavuka ngambo.

Kwa miaka mingi alikuja. Kazi yake yote ilitoka pale kwangu, kwenye grisi. Alitaka kujua watu wadogo wanachaguaje mashine: nani anajaribu wa kwanza, nani anangoja mwenzake aharibikiwe ndipo aige, nani anaficha ufundi wake na kwa nini. Siku moja aliniambia, "Fundi, hayo unayofanya yanaitwa stratejia ya teknolojia."

"Sisi tunayaita woga."

Alicheka mpaka machozi. Aliniambia baadaye neno hilo alilipeleka darasani na wanafunzi walipiga makofi. Akawa daktari wa vitabu. Akawa profesa. Akaenda Kinshasa, akaenda Ulaya kusoma makaratasi mbele ya wazungu, na huko picha ya atolie yangu ya ufundi iliwaka kwenye ukuta, mimi niko hapa nasukuma pistoni. Akirudi ananiletea funguo nzuri za chuma. Sikatai, bado ninazo.

Lakini kidogo kidogo alibadilika. Zamani aliuliza akanyamaza, akangoja jibu. Sasa alikuja na jibu tayari, akinitafuta niitike tu. Mara nyingine hakuja mwenyewe, alituma wanafunzi na fomu. "Papa, uko na stratejia ya uvumbuzi? Oui ao non?" Ninawaambia andikeni oui, mwende mukule.

Halafu akaja na boksi.

Ndani kulikuwa na mashine ya kupima maji: ekrani ndogo kama ya simu, waya, na kitu cheusi kama jiwe la kunolea ambacho unafunga chini ya boti. Kile cheusi kinatuma sauti chini, sauti inarudi, ekrani inaandika mita. Profesa alikuwa anangoja kupandishwa cheo cha mwisho, kile cha juu kabisa. Wakubwa wenzake walikuwa wanakuja kuona kazi yake, na alitaka wapande boti yetu mpaka Yanonge, boti ya kwanza ya mbao inayoongozwa na ekrani. "Na wewe, Ingénieur," akaniambia, maana sasa aliniita hivyo, "picha yako itakuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu."

Hapo ndipo alininunua. Mimi nilipona mabomu ya majeshi ya wageni katika muji huu huu, nilizika watu, nilikula majani, na hakuna siku mutu aliniuliza jina langu liandikwe mahali. Ukurasa wa kwanza! Nilirudi nyumbani nikamwambia muke wangu. Akasema, "Angalia wasikuweke ukurasa wa mwisho."

Tulipofunga mashine, waya ulikuwa mufupi. Ekrani inatakiwa kukaa nyuma, karibu na moteri na betri. Kile cheusi kinatakiwa kukaa mbele, puani mwa boti, kwa sababu pua ndiyo inafika kwanza. Waya haukufika hata katikati.

"Prof, tungoje waya murefu."

"Wageni wanafika kesho kutwa, Ingénieur. Funga nyuma. Maji ni maji."

Fundi yeyote anajua, hata mutu wa darasa la nne anajua: ukifunga jicho nyuma ya boti, linaona maji ambayo pua ilikwisha kupita. Lile jicho litakwambia habari za zamani. Nilijua. Nikafunga nyuma.

Siku ya kuondoka maji yalikuwa yamepungua, ule wakati muchanga unahama usiku na asubuhi huukuti pale ulipouacha. Wageni walikaa katikati, chini ya turubai, na majile yao ya kuelea, ya rangi ya machungwa. Mama mwenye boti alikubali kutupa boti, lakini alisema hawezi kushuka bure, akajaza abiria wake na mizigo mpaka ubao wa pembeni ukabusu maji. Hao abiria hawakuwa na majile. Yule wa ofisi aliletewa karatasi ya safari, akagonga muhuri, akaendelea kula kwanga yake ya muhogo.

Bokilo alikuja na muti begani, akapanda mbele kama kawaida. Profesa akatembea juu ya mizigo mpaka kwake, mimi nyuma yake.

"Vieux, muzee wangu, leo utapumzika. Kaa na wengine."

"Nikae? Na mbele, nani?"

"Mashine iko. Ndiyo maana ya safari hii, vieux. Nikipiga picha na muti wako hapo, nitaonyesha nini?"

Mama mwenye boti akapiga kelele kutoka kwenye mizigo yake: "Shuka basi, papa! Unaonea ekrani wivu kama ni muke mwenzako!" Watu wakacheka. Kulikuwa na mwanafunzi wa profesa pale, binti mwenye kushika kamera. Yeye tu hakucheka, alimusogezea bokilo nafasi karibu naye.

Bokilo hakuwaangalia. Aliniangalia mimi.

"Bokilo," akasema pole pole, "ile kitu inaonaka mbele?"

Profesa alikuwa amesimama kando yangu. Nilisikia pumzi yake. Nilifikiri waya, nilifikiri ukurasa wa kwanza.

"Inaonaka," nikasema.

Neno moja. Akalaza muti kando ya ubao, akakaa chini.

Tukatoka. Moteri ilikuwa mukononi mwangu, ekrani mbele ya macho yangu, profesa nyuma ya bega langu akisoma kwa sauti ili wageni wasikie. "Mita sita! Mita tano na nusu! Mita sita!" Wageni wanatikisa vichwa, wanaandika. Tulikuwa tunashuka na mukondo, boti inakimbia kuliko nilivyopenda. Nilitaka kupunguza, lakini mgeni mmoja alikuwa anatabasamu, na profesa alikuwa na furaha kama mutoto wa bwana harusi.

Tulipita vijiji vitatu hivi. Halafu niliona maji ya mbele yamebadilika sura. Siyo rangi. Ngozi yake. Maji ya kina yanateleza. Yale yalikuwa yanatetemeka, kama ngozi ya ng'ombe ikikaliwa na nzi.

Na nikamuona bokilo amesimama. Katikati ya watu, juu ya gunia, amegeuka nusu, mukono juu.

Ngumi.

"Mita tano!" profesa anasoma.

Mukono wangu ulianza kurudisha gesi. Profesa akanishika bega. "Unafanya nini? Ekrani, Ingénieur! Angalia ekrani!"

Na mimi, niliyefundishwa ile sheria na huyu huyu mwenye ngumi juu, nilishusha macho nikaangalia ekrani. Iliandika mita tano. Haikudanganya. Nyuma, chini ya matako yangu, maji yalikuwa mita tano.

Pua ikapanda kitu. Gogo lililozikwa na muchanga. Boti haikusimama mara moja. Ilijikunja, mukondo ukaikamata ubavuni, abiria wote wakakimbilia upande mmoja, ubao ukazama, basi. Sina mengi ya kusema juu ya maji. Mutu aliyekuwa ndani hasimulii vizuri. Nakumbuka bidoni za mafuta ya mawese zinaelea, nyekundu, na sauti ya moteri ikinyamaza kama mutu amekatwa neno.

Bokilo alikuwa amesimama juu ya muchanga, maji kifuani, na ule muti. Alikuwa anausukuma kwa mutu mmoja, anavuta, anausukuma kwa mwingine. Niliona kwa macho yangu profesa akishika rangi nyekundu ya muti kwa mikono miwili na kuvutwa. Jile lake lilikuwa limefunguka. Mimi nilivutwa baada yake.

Wawili hawakuonekana. Mama mmoja wa Isangi aliyekuwa anarudi kwake na vitambaa, na yule binti wa kamera. Wavuvi waliwapata kesho yake chini zaidi. Profesa alilia juu ya binti yule mpaka tulimushika mikono. Hakuwa anaigiza, hilo naweza kuapa.

Lakini machozi yalikauka na karatasi ikaandikwa. Bwana wa ofisi aliogopa muhuri wake, mama mwenye boti aliogopa boti zake nyingine, profesa aliogopa cheo chake. Karatasi ikasema: mupima-maji hakuwa kwenye nafasi yake. Ni kweli, hakuwa! Walimuita ofisini wakachukua kitabu chake cha kazi. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale kwenye benchi. Waliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema hapana.

Bokilo alirudi nyumbani akakaa. Muti aliuegesha ukutani, nje, kila mwenye kupita anauona. Aliniita bado "bokilo," alikula kwetu, hakuniuliza kitu. Muke wangu ndiye alikuwa ananichoma. "Kaka yangu amekaa kwenye kiti kama mugonjwa," anasema akitwanga majani ya pondu. "Wewe unajua jambo. Unalala vibaya. Sema." Na mimi nageukia redio.

Mwisho wake profesa alipewa cheo. Chuo kikuu kikatangaza somo la wazi, la kusherehekea kazi yake ya miaka yote juu ya mashine mpya na watu wanaozipokea. Nililetewa karatasi ya mwaliko: mushiriki wa utafiti. Bokilo aliiona juu ya meza.

"Tutaenda wawili," akasema. "Nataka kusikia wananisemaka nini."

Ukumbi ulijaa. Tulikaa nyuma. Profesa alisema vizuri, sikatai. Alisema juu ya wapiga-kasia, juu ya sufuria, hata juu ya woga, watu wakacheka pale pale walipochekaga. Halafu ikawaka picha ya boti yetu asubuhi ile, pua yake tupu, safi. Akasema kuna mashine zinashindwa si kwa ubaya wake, bali kwa sababu wafanyakazi wa zamani wanazikataa ndani ya roho. Akasema kulikuwa na mupima-maji ambaye hakuamini, akaacha nafasi yake, na watu wakafa.

Bokilo kando yangu hakutikisika. Niliona tu mukono wake wa kuume, ule wa kusema, unafunguka na kujifunga juu ya goti.

Nikasimama. Hakuna aliyenipa mikro, kipaza-sauti.

"Prof! Niko na swali lako mwenyewe. Kitu kipya kikiingia, nani anatoka?"

Watu wakageuka. Kijana mmoja wa safu ya mbele akasema, "Papa, maswali ni mwishoni," wengine wakacheka. Nikaendelea: "Huyu muzee hapa ndiye mupima-maji. Hakuacha nafasi. Wewe ulimushusha. Kwa sababu ya picha hiyo!"

Kicheko kikakatika. Profesa alishusha mikro. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka niliona uso wa yule asista wa zamani.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwambia akae." Akaniangalia kama zamani, kama mwenye kungoja jibu. "Na alipokuuliza wewe, fundi, kama mashine inaona mbele, ulimwambia nini?"

Macho mia juu yangu. Kando yangu, mawili ambayo sikuweza kuyaangalia.

Nikakaa.

Njia yote ya kurudi bokilo alitembea mbele. Tulipofika kwenye mulango wake alisimama, akashika muti pale ukutani, akaufuta vumbi na shati lake.

"Nilidhani hukujua," akasema. "Siku zote hizi nilijiambia, bokilo hakujua." Akaingia ndani.

Profesa hakwenda ofisini kurudia aliyoyakiri. Nilingoja siku mbili, nikisema ataenda, ameshasema mbele ya watu, atasema na mbele ya muhuri. Hakwenda. Kukiri ukumbini hakugongwi muhuri. Siku ya tatu nilivaa shati la misa, nikaenda mwenyewe.

Bwana wa ofisi alinisikiliza akichokonoa meno. "Fundi, ukiandika hii, unajua hutagusa tena moteri ya boti kwa libongo hii?"

"Najua."

"Na jina langu usiliweke."

"Lete karatasi."

Niliandika kwa mukono wangu, herufi kubwa kubwa, kutoka asubuhi mpaka jua likawa juu. Kwamba waya ulikuwa mufupi. Kwamba jicho nililifunga nyuma na nilijua. Kwamba profesa alimushusha mupima-maji, na mimi nikamwambia "inaonaka." Kwamba aliinua ngumi, nikaiona, nikaangalia ekrani. Bwana wa ofisi alikuwa na haraka ya kupokea. Karatasi ya mwenye kosa anayejitaja inamuokoa na yeye. Wiki ile walirudisha kitabu cha bokilo. Mimi walinifungia kazi ya boti.

Sasa natengeneza mashine za kukoboa mupunga huku mujini, mbali na maji. Moteri ni zile zile. Profesa bado anafundisha, na wanafunzi wake wananiambia ile picha ya pua tupu ameitoa kwenye somo. Hawakuniambia ameweka nini mahali pake. Kwenye kitabu chake simo, si ukurasa wa kwanza wala wa mwisho.

Bokilo anakuja kwetu Jumapili kuona dada yake. Anasalimia vizuri. Ananiita "fundi."

Siku moja nilishuka libongo kutafuta kipande cha chuma, nikakuta boti inatoka. Yeye alikuwa mbele, muti mukononi, abiria wa siku hiyo nyuma yake na mizigo yao. Aliuchoma muti, akautoa, akautazama. Alipita karibu na pale nilipokuwa nimesimama, karibu hata ningemwita. Mukono ukapanda juu, kiganja wazi, kwa mwenye moteri. Boti ikaongeza mwendo.